Maandishi kwanza, mashine baadaye: vifaa saidizi katika shule za Bukavu

Mtoto asiyeona akifungua kwenye kompyuta kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, programu ya kusomea skrini haimwambii kitu. Kompyuta ni nzima, programu ni nzima, spika inalia, na kitabu kipo. Ila ndani ya faili hamna hata herufi moja: kuna picha za herufi. Mwenye macho haoni tofauti yoyote, lakini kwa mtoto yule ni karatasi tupu. Hapa ndipo mipango mingi ya vifaa saidizi inapokwama. Pesa zimeishia kwenye mashine, na hakuna aliyepewa kazi ya kuandaa maandishi.

Kifaa saidizi ni chochote kinachomwezesha mwanafunzi kufanya jambo ambalo mwili wake ungemzuia: karatasi iliyokuzwa kwa fotokopi, kipande cha mpira kwenye kalamu, shimesikio (kifaa cha sikioni cha kukuza sauti), simu inayosoma kwa sauti. Vingi si ghali. Kigumu ni kuviunganisha, na Bukavu, mashariki mwa Kongo, muunganiko huo una vikwazo vyake. Mtoto huongea Kiswahili au Mashi nyumbani, huanza darasa kwa Kiswahili, kisha masomo yanageuka Kifaransa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, huja na kwenda. Mvua hupiga mabati hadi sauti ya mwalimu inapotea. Shule nyingi zimejengwa kwenye mteremko. Kila kimoja kati ya hivyo huharibu kifaa fulani, na ni vizuri kujua kipi kabla ya kununua.

Kuandaa faili lisomeke

Njia ya kupima faili ni rahisi: jaribu kuteua neno moja kwa kipanya na kulinakili. Likinakilika, kuna herufi. Ukurasa mzima ukiteuliwa kwa pamoja kama kipande kimoja, ni picha, na lazima ipitie programu ya kutambua herufi. Tesseract ni ya bure, haihitaji intaneti ikishawekwa, na ina data ya Kifaransa na ya Kiswahili. Kwa kitabu chenye lugha zote mbili, unaiambia itumie zote kwa mpigo, kwa amri hii:

tesseract ukurasa.png ukurasa -l fra+swa

Matokeo yanategemea picha kuliko programu. Kwa skana, weka nukta 300 kwa inchi. Chini ya 200, herufi ndogo zinaanza kushikana. Kwa simu, weka kitabu mezani karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, zima taa ya kamera, na ulaze ukurasa kabisa. Ukurasa ukipinda kwenye mshono wa kitabu, mistari inapinda nayo, na maneno ya upande huo hutoka yamevurugika. Ukurasa wenye safu mbili ni bora uukate uwe picha mbili, la sivyo mstari wa safu ya kushoto unaweza kuendelezwa na mstari wa safu ya kulia na mtoto asikie sentensi isiyo na kichwa wala miguu.

Baada ya hapo lazima mtu asome na kusahihisha. Makosa hurudiarudia: rn inakuwa m, herufi l inakuwa namba 1, alama ya ng' katika ng'ombe inapotea, na alama za lafudhi za Kifaransa, kama ile ya é, zinaruka. Namba za kurasa na vichwa vya juu hujipenyeza katikati ya aya. Kazi hii wanaiweza wanafunzi wa sekondari wanaoona, wakigawana sura, na ni kazi inayostahili kulipwa hata kwa kidogo, kwa sababu bila yao hakuna kitabu.

Kisha upe faili umbo. Kichwa cha sura kisiwe tu maneno yaliyokolezwa wino. Kipewe mtindo wa kichwa, ule unaoitwa Titre 1 kwenye Word ya Kifaransa, na vichwa vidogo vipewe Titre 2. Asiyeona hawezi kutupa jicho ukurasani. Akiwa na mitindo hiyo, anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitufe kimoja, na bila mitindo hiyo itambidi asikilize kurasa 40 ili afike zoezi la 7.

Picha zielezwe kwa maneno, lakini kwa kadiri ya somo. Ramani ya somo la jiografia haihitaji maelezo ya rangi zake. Inatosha kuandika: "Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa Bukavu, unateremka kuelekea kusini na kuingia Ziwa Tanganyika." Ukitaka mtoto aishike ramani yenyewe, gundisha uzi kwa mto, kitambaa kwa maziwa, na mchanga kwa nchi kavu, juu ya kartoni. Usijaze. Kidole hakitofautishi vitu vinne vilivyobanana kwenye sentimita moja.

Hisabati ina mtego wake. Kipeo kilichoandikwa juu kidogo ya mstari mara nyingi husomwa kama tarakimu ya kawaida, kwa hiyo x kipeo cha pili inasikika "x mbili", na mtoto anaandika 2x kwa haki yake. Andika x^2, na sehemu ziandikwe kwa mkwaju, 3/4, mabano yakiwekwa palipo na shaka.

Sauti ya Kiswahili na sauti ya Kifaransa

Programu ya kusomea skrini inayofaa zaidi kuanza nayo kwenye Windows ni NVDA. Ilianzishwa Australia mwaka 2006, ni ya bure kabisa, na inakuja na sauti za eSpeak NG ambamo Kiswahili na Kifaransa vyote vimo. Unaweza pia kutengeneza nakala ya kubebeka kwenye flashi: mwanafunzi anaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya shule au ya saiba na kufanya kazi bila kusakinisha kitu. Kwa kompyuta kuukuu za Windows 7, tafuta toleo la 2023.3. Matoleo ya 2024 na kuendelea hayafanyi kazi kwenye Windows 7.

Sasa tatizo ambalo karibu kila darasa la mji huu hukutana nalo. Sauti ya eSpeak ni kanuni za kutamka za lugha moja. Ukiipa sauti ya Kiswahili neno oiseau, italisoma herufi kwa herufi: o-i-se-a-u. Ukiipa sauti ya Kifaransa neno chakula, inasema "shakula", na ile u ya katikati inatoka kwa midomo iliyochongoka, u ya Kifaransa. Jina linageuka "zhina". Mtoto anayejifunza kusoma kwa sikio atayachukua matamshi hayo yalivyo, na mwalimu atadhani mtoto ndiye mwenye shida.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kumfundisha mwanafunzi kubadili sauti mwenyewe. Kwenye kibodi kubwa anashika kitufe cha NVDA pamoja na Ctrl, anabonyeza mshale wa kulia au kushoto mpaka asikie anafika kwenye sauti, kisha mshale wa juu au chini kuchagua lugha. Kwenye laptop anaongeza Shift. Kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Inser, na kwa kibodi ndogo ni afadhali kuweka kile cha kufungia herufi kubwa. Hili linajifunzwa siku moja, lakini linachosha pale lugha zinapobadilishana kila mstari, kama kwenye kitabu cha msamiati.

Dawa ya pili ni kuliwekea faili alama ya lugha, ili programu ibadilike yenyewe. Kwenye Word, teua aya ya Kiswahili, ingia Révision, kisha Langue, uchague Kiswahili. Fanya hivyo hivyo kwa Kifaransa. Kwenye ukurasa wa HTML au kitabu cha EPUB, alama ni lang="sw" na lang="fr". Anayeandaa vitabu vya darasa la tatu na la nne, pale lugha mbili zinapokutana, asiruke hatua hii. Vitabu vya darasa la kwanza vikiwa vya Kiswahili kitupu havihitaji.

Katika wiki ya kwanza mwanafunzi ajue vitufe vichache tu. Ctrl hunyamazisha sauti. NVDA na mshale wa chini huanza kusoma mfululizo (kwenye laptop ni NVDA na A). NVDA na namba 1 huwasha hali ya mazoezi, ambapo kila kitufe kinachobonyezwa kinataja jina na kazi yake bila kufanya chochote. Huyo ndiye mwalimu bora wa kibodi, na kwa mtoto wa Bukavu anayekuta kibodi ya AZERTY shuleni na nyingine ya QWERTY kwa mjomba wake, anaepusha machozi mengi. Kasi ya sauti ianze chini. Mwenye mazoea ataipandisha mwenyewe mpaka wengine wasielewe kinachosemwa, na hilo ni jambo la kawaida.

Kwa simu, TalkBack imo tayari kwenye Android nyingi. Hufunguliwa kwenye mipangilio ya ufikivu, na kwa simu nyingi kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde 3. Kidole kimoja kinagusa na kusikiliza, kugonga mara mbili kunafungua, na vidole viwili vinasogeza ukurasa. Sauti ya Kiswahili ya Google hupakuliwa mara moja kwa intaneti, kisha inafanya kazi bila mtandao. Simu yenye kumbukumbu ya GB 1 huchelewa kujibu. Mtoto anagonga tena, na tena, halafu mambo matatu yanafunguka kwa pamoja. GB 2 ni mwanzo, 3 ni afadhali. Nunua na vifaa vya sikioni vya waya, na mwanafunzi avae upande mmoja tu, ili sikio la pili libaki kwa mwalimu.

Breli haijapitwa na wakati

Wapo wanaosema kwamba simu zikisoma kwa sauti, breli ya nini. Anayesikia tu haoni tahajia. Hajui kama Kifaransa kinaandika eau au o, hajui aya inaanza wapi, na hesabu ya mafungu matatu haishikiki kichwani. Mtoto aliyezaliwa haoni anahitaji nukta nundu, yaani breli, tangu darasa la kwanza, na sauti iwe nyongeza.

Kifaa cha chini kabisa ni kibao na kalamu ya kudungia. Hakihitaji umeme, kinaingia mfukoni, na kina ugumu mmoja mkubwa: nukta zinadungwa kutoka nyuma ya karatasi, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaigeuza kama kwenye kioo. Seli ya breli ina safu mbili za nukta tatu: 1, 2, 3 upande mmoja na 4, 5, 6 upande wa pili. H ni nukta 1, 2, 5, na ukiigeuza inakuwa 2, 4, 5, ambayo ni j. E na i ni pacha wa namna hiyo, r na w vilevile, d na f pia. Mtoto aliyekwenda kulia kwenda kushoto vizuri lakini akasahau kuzigeuza herufi ataandika heri, na akiipindua karatasi atasoma jiwe, neno kamili la Kiswahili, herufi zote nne zimesimama sawasawa. Mwalimu asiyejua atadhani mtoto hakusikia imla. Herufi kama a na k hazina pacha, kwa hiyo kosa lake linajitangaza. Katika mwezi wa kwanza, basi, toa imla zenye a na k nyingi, halafu ndipo uingize e, i, h, r kwa makusudi.

Mashine ya Perkins inaondoa tatizo hilo, maana nukta zinatokea juu na mtoto anasoma alichoandika palepale. Ina vitufe 6 na kimoja cha nafasi katikati. Vya kushoto, kuanzia kilicho karibu na nafasi, ni 1, 2, 3, vya kulia ni 4, 5, 6. Ina uzito wa karibu kilo 5, kwa hiyo mtoto anayepanda vilima vya Kadutu kila asubuhi haibebi: inabaki shuleni, na nyumbani anatumia kibao. Karatasi yake ni nzito, gramu 150 hivi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inafaa kwa mazoezi tu, nukta zake hulala baada ya vidole kupita mara chache. Kalenda za mwaka uliopita, zile zenye karatasi ngumu, ni mali. Ukurasa mmoja wa kitabu cha wino huzaa kurasa 2 hadi 3 za breli, na vitabu hivyo visimamishwe rafuni, visirundikwe, kwa kuwa uzito na unyevu hufuta nukta.

Kabla ya kupokea zawadi ya vitabu vya breli, uliza vimeandikwa kwa mfumo gani. Vitabu vya Kiswahili kutoka Kenya au Tanzania vimejengwa juu ya desturi ya Kiingereza, na shule za Kongo zinafuata ya Kifaransa. Seli yenye nukta zote sita kwa Kifaransa ni é. Kwa breli ya Kiingereza iliyofupishwa, ambamo alama moja hubeba herufi kadhaa, seli hiyohiyo inasimama badala ya neno zima. Nukta ya 6 peke yake mbele ya herufi hutangaza herufi kubwa upande wa Kiingereza, na katika breli ya Kifaransa ya siku hizi hutangaza namba. Mtoto hawezi kubahatisha hayo. Kitabu cha Kiswahili kisichofupishwa kinasomeka bila shida kubwa, ukimweleza alama za herufi kubwa na za namba. Kilichofupishwa ni bora kikae mpaka apatikane wa kufundisha vifupisho. Kosa hilohilo hufanywa kwenye kompyuta, pale anayechapisha anapoacha jedwali la Kiingereza la kugeuza maandishi kuwa breli likiwa limechaguliwa kwa matini ya Kifaransa: kila lafudhi inatoka kivingine.

Wenye uoni hafifu

Hawa ndio wengi kuliko wasioona kabisa, na ndio wanaosahauliwa, maana wanatembea bila fimbo na wanaonekana wavivu wa kusoma. Msaada wao ni rahisi kuliko wote. Kukuza kutoka A4 hadi A3 kwenye mashine ya fotokopi ni asilimia 141: maandishi ya pointi 12 yanakuwa karibu 17, na kwa wengi hiyo inatosha. Ukichapisha mwenyewe, tumia pointi 18 hadi 24, fonti isiyo na vikia kwenye ncha za herufi, nyeusi juu ya nyeupe, na usilaze maneno wala kuandika kila kitu kwa herufi kubwa. Kartoni nyeusi iliyokatwa dirisha la upana wa mstari mmoja inamsaidia asipoteze mstari, na inapunguza mng'ao wa ukurasa.

Kumsogeza mtoto nusu ya umbali kutoka ubaoni ni sawa na kuzikuza herufi mara mbili. Mwenye ualbino asikalishwe akitazama dirisha. Anaweza kuhitaji kofia yenye ukingo hata darasani, na mkuu wa shule anayekataza kofia aelezwe sababu. Mwalimu aseme kila anachoandika ubaoni, neno kwa neno. "Hii tukiitoa hapa tunapata hii" haimsaidii mtu, hata wanaoona walio benchi la nyuma.

Viziwi na wasiosikia vizuri

Kundi hili lina watu wa aina mbili, na kifaa cha mmoja hakimfai mwingine. Anayesikia kidogo husaidiwa na shimesikio. Aliyezaliwa kiziwi anahitaji lugha ya alama kwanza. Manukuu ya video hayana maana kwake mpaka aijue lugha inayoandikwa. Lugha ya alama inayotumika katika shule nyingi za viziwi za Afrika inayozungumza Kifaransa ina mizizi ya Marekani, kwa kazi ya Andrew Foster, kiziwi mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi cha Marekani, mwaka 1954. Alifungua shule ya kwanza Ghana mwaka 1957 na nyingine katika nchi nyingi, na alifariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Kwa hiyo video ya lugha ya alama kutoka Ufaransa haitaeleweka vizuri hapa, hata kama maandishi yake ni Kifaransa. Hilo watu hulikosea mno.

Shimesikio hushindwa kwa sababu zinazojulikana. Mluzi unatokana na kipira cha sikioni kisichokaza, au nta. Sikio la mtoto linakua, na kipira huhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Betri ni za zinki na hewa. Rangi ya kibandiko ndiyo saizi: kahawia ni 312, chungwa ni 13, buluu ni 675. Ukishaondoa kibandiko betri inaanza kuisha hata usipoitumia, kwa hiyo usizibandue zote "kuzijaribu". Iache ivute hewa dakika moja kabla ya kuifungia ndani. Hudumu wiki moja hadi mbili, na anayeleta shimesikio bila kueleza betri zitanunuliwa wapi mwaka ujao ameleta pambo. Usiku ikae kwenye kopo lililofungwa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, mlango wa betri ukiwa wazi.

Shimesikio hukuza kelele pamoja na sauti. Mahali pa wazi sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo mita 1 hadi 2 kutoka kwa mwalimu ndipo kifaa kinafaa. Mvua ikianza kupiga mabati, hakuna kifaa kitakachoshinda. Mwalimu aandike, na wanafunzi wasome kimya mpaka ipungue. Ndiyo sababu kuwekea dari darasa moja, hata ya mkeka, kunaweza kusaidia wengi kuliko mashimesikio matano.

Video za somo ziwekewe manukuu kwa faili la .srt lenye jina lilelile la video, kwenye folda moja. VLC, programu ya bure ya kuchezesha video, italisoma bila intaneti. Kila kipande kina namba, saa na maneno:

1
00:00:05,000 --> 00:00:08,500
Maji yakichemka, yanakuwa mvuke.

Kabla ya elfu za sekunde ni mkato, si nukta, na faili lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, la sivyo é zote zitageuka vikorokoro. Mistari isizidi miwili. Programu za simu zinazogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo zipo na zinakijua Kiswahili, ila zinataka mtandao mzuri, na mwalimu anayechanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, yaani karibu kila mwalimu wa Bukavu, anazitatiza.

Mwili na njia ya kufika

Njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu huhesabiwa 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inadai 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zinahitaji mita 5.4, na mahali pa kujipumzisha juu penye upana wa mita 1.5. Kwenye viwanja vyetu vilivyoinama mara nyingi haiwezekani, na kumwaga saruji kwenye mteremko mkali kwa ajili ya picha ya ufunguzi ni hatari tupu, hasa ikinyesha. Hamishia darasa la mtoto huyo chini, ni bure. Mlango uwe na sentimita 80 wazi.

Mkono usioshika kalamu vizuri usaidiwe kwa kuizungushia kalamu mpira wa tairi la ndani la baiskeli mpaka unene wake ufike kama wa kidole gumba. Kwenye kompyuta, kubonyeza Shift mara tano kunawasha hali inayomruhusu mtu wa kidole kimoja kubonyeza Ctrl, kisha herufi, moja baada ya nyingine.

Vitabu vya kusikiliza, umeme na mtandao wa ndani

Vitabu vilivyorekodiwa kwa sauti huwafaa wasioona, wenye shida ya kusoma, na wazazi wanaohudhuria madarasa ya kusoma na kuandika. Rekodi mono, MP3 ya kbps 64: saa moja ni karibu MB 29, kadi ya GB 8 inabeba saa zaidi ya 250. Kila sura iwe faili lake, na majina yaanze 01, 02, 03. Ukianza 1, 2, 3, redio ndogo za kadi hupanga 1, 10, 11, kisha 2. Msomaji ataje namba ya ukurasa kila unapobadilika, ili darasa likisema "fungua ukurasa wa 34" mwenye kusikiliza asiachwe.

Maktaba nzima inaweza kukaa kwenye laptop kuukuu au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja) yenye Kolibri au Kiwix, programu za maktaba, na simu zikaifungua kwa Wi-Fi bila intaneti. Kikwazo ni umeme kukatika ghafla, maana kadi ya kumbukumbu ya Pi huharibika ikiwa inaandikwa. Pitisha umeme wake kwenye betri, na uwe na kadi ya pili yenye nakala kamili. Kwa hesabu ya haraka, paneli ya wati 100 kwa saa 3.5 za jua zuri, ukitoa upotevu, inaacha wati-saa 250 hivi. Laptop ya wati 30 kwa saa 4 inakula 120. Kwa hiyo ni laptop mbili kwa siku na simu moja hivi, si darasa la kompyuta kumi. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 itumike nusu tu, wati-saa 600, la sivyo itakufa mapema. Umeme wa SNEL ukirudi, chaja zikae nje ya soketi kwa dakika kadhaa: volti za mwanzo ndizo zinazounguza.

Sheria na mtihani

Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na ina sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kukuza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Zitaje kwenye barua ya kumwombea mwanafunzi nafasi ya mtihani inayomfaa, na barua hiyo ipelekwe Septemba, masomo yanapoanza, si wiki ya mtihani. Iandike kinachoombwa kwa vipimo: karatasi ya pointi 24, au breli ya Kifaransa isiyofupishwa, au msomaji na mwandishi, muda wa ziada wa dakika ngapi, chumba gani cha chini. Na kiwe kilekile alichokitumia mwaka mzima. Aliyesoma kwa sauti ya NVDA miezi tisa, akikabidhiwa breli asubuhi ya mtihani, atapimwa breli.